Ruger 10/22: bunduki ya kwanza ya mdogo wangu, kwa macho ya fundi wa kutengeneza vyerehani, Ngamiani, Tanga

Nianze na lile swali ambalo kila mtu barazani ananiuliza tangu nirudi: hapana, sijaja nayo. Iko Houston, Texas, ndani ya kabati la chuma la mdogo wangu, na funguo anazo yeye tu, hata mkewe hajui ziliko. Haya, sasa tuongee.

Mdogo wangu yuko Marekani mwaka wa kumi na moja huu, anaendesha lori, grinikadi anayo. Mwaka huu akanitumia tiketi nikakae naye miezi mitatu, na nimefika tu hata jeti lagi haijaisha ananiambia kaka nataka kununua bunduki, semi otomatiki, ile inayojipakia yenyewe, ya kulengea shabaha na kuwindia, nataka wewe uende na mimi kwa sababu wewe fundi unajua vyuma. Mimi fundi wa vyerehani jamani. Zamani nilikuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo hapa hapa Tanga, kiwanda kikafa, nikahamia Ngamiani kwenye vyerehani na mpaka leo nipo. Bunduki mara ya mwisho nimeishika JKT mwanzoni mwa miaka ya tisini, SAR, ile ya risasi kumi yenye kitako cha mbao, na bega langu linaikumbuka kuliko kichwa. Lakini ukishaitwa kaka mkubwa huna la kukataa.

Yeye kichwani alikuwa na AR-15. Kila kijana wa kule ana AR-15 kichwani, ndiyo anayoiona kwenye sinema. Na hapa niseme kitu kidogo maana hata mimi nilikuwa sijui, hiyo AR watu wengi wanadhani maana yake ni bunduki ya kushambulia, wala siyo, ni ArmaLite, jina la kampuni ambayo Eugene Stoner alikuwa akifanya kazi alipoibuni miaka ya hamsini mwishoni. Kuna jamaa anafanya naye kazi yeye hanunui nzima, anaunga mwenyewe, leo ananunua mtutu, mwezi ujao kitako, na kisheria kile kipande cha chini chenye namba ndicho "bunduki" yenyewe, hicho lazima akipitishe dukani kwa karatasi, vingine vyote vinakuja kwa posta kama spea za pikipiki. Mdogo wangu akanogewa, na yeye anataka kuunga. Nikamwambia bwana wee, hujawahi hata kupiga risasi moja maishani, unataka kuunga nini? Mtu anakuja kwangu hajui kutia uzi kwenye sindano anataka nimfundishe kufungua shato. Kwanza ujue inavyolia ikiwa nzima, ndio utajua ikiwa mbovu.

Duka la kwanza sitalitaja. Muuzaji alituangalia viatu, akaangalia kadi ya benki, akatuwekea mezani AR yenye taa, yenye darubini, yenye mkono wa mbele, yenye mkanda, yenye kila kitu isipokuwa gurudumu. Hakuuliza hata swali moja tunataka kufanyia nini. Bei ilikuwa zaidi ya dola elfu moja na mia nne na risasi hazimo. Tukatoka.

Duka la pili kulikuwa na mzee mmoja ndevu nyeupe, miwani imening'inia kifuani, yeye swali lake la kwanza lilikuwa "umewahi kupiga?" na la pili "utapiga mara ngapi kwa mwezi?" Mdogo wangu akasema nikipata nafasi kila wiki. Mzee akaenda nyuma akarudi na kibunduki chembamba cha mbao nikacheka, nikaona kama kile cha kupigia ndege tulichokuwa tunakiona kwa Wahindi zamani. Hiyo ndiyo Ruger 10/22.

Sasa hesabu aliyotufanyia ndiyo iliyonishinda nguvu. Risasi ya .22, ndiyo inayokula hii Ruger, ilikuwa inauzwa kati ya senti saba na kumi za dola kwa moja ukinunua boksi la mia tano. Ya AR, .223, ilikuwa haishuki senti arobaini. Kwa hiyo pesa ile ile ya kupiga mara mia na AR unapiga mara mia nne au mia tano na hii. Na bunduki yenyewe ilikuwa dola mia tatu na ushee, kama laki nane za kwetu hivi. Mzee akasema, mtu anayeanza kujifunza ananunua risasi, bunduki ni kifungashio tu. Hilo neno nimelibeba mpaka Tanga.

Tuliangalia na nyingine, Marlin Model 60, hiyo imeanza 1960 na zimetengenezwa zaidi ya milioni kumi na moja, kila babu wa kule anayo uvunguni. Hiyo risasi zinaingia kwenye bomba refu chini ya mtutu, unachomoa kijiti unamimina moja moja. Nzuri, na ya mtumba ni rahisi zaidi, lakini mimi bomba silipendi kwa mwanafunzi. Ukitaka kuhakikisha imeisha huna kitu cha kuchomoa ukakiweka mezani ukakiona kwa macho, unabaki kuamini. Magazini, kile kiboksi cha risasi, ukiichomoa umeichomoa, iko mkononi.

Basi tukachukua 10/22. Karatasi inaitwa fomu 4473, unajaza pale pale dukani, jina, mahali ulipozaliwa, mdogo wangu akaandika Tanga, Tanzania, mzee akauliza ni upande gani huo nikamwambia unapomaliza bahari. Wanapeleka jina lako kwenye mfumo wa FBI, tukakaa kama robo saa, jibu likaja endelea. Robo saa! Hapa kwetu unaanzia serikali ya mtaa, unaenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya ikujadili, na bado. Sisemi ipi bora, kila nchi na maradhi yake, ila nilibaki nimeduwaa na kahawa mkononi.

Ila na mimi nilibanwa. Mgeni wa viza ya matembezi sheria yao ya shirikisho haimruhusu kushika bunduki wala risasi, isipokuwa awe na kitu kama leseni halali ya kuwinda ya jimbo mojawapo. Yaani mpaka nikakate leseni ya uwindaji ya Texas ndio nikaruhusiwa kugusa bunduki ya mdogo wangu mwenyewe. Halafu aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 lazima asome kozi ya uwindaji, mimi wa 1970 nikasamehewa, yeye akakaa kwenye kompyuta anasoma maswali ya bata na swala huku mimi sina mbavu kwa kicheko.

Nyumbani usiku nikaifungua. Sikuweza kulala nayo bila kuifungua, fundi ni fundi. Na hapa ndipo nilipoiheshimu. Hii bunduki imetoka 1964, mwaka wa Muungano, na mpaka leo inatengenezwa karibu vile vile, ukiona chombo kimekaa miaka sitini bila kubadilishwa tumbo ujue aliyekichora alikuwa na akili. Mtutu umeshikwa kwa skrubu mbili na kibano tu. Kundi zima la triga linatoka kwa kusukuma pini mbili na kidole, huhitaji nyundo. Haina mambo ya gesi wala bomba la gesi kama SMG, ile AK tunayoiita hivyo kwetu, inachofanya ni kwamba risasi ikilipuka ganda linaisukuma nyuma bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, kinachoizuia ni uzito wa bolti yenyewe na springi, ikifika nyuma imeshatupa ganda, springi inairudisha inasomba risasi nyingine. Basi. Wewe kazi yako ni kuvuta triga mara moja kwa kila risasi.

Na magazini yake, jamani, hicho kidude ndicho kilichonifanya niite shemeji yangu jikoni aje aone. Sio ile ndefu inayoning'inia, ni kiboksi kinaingia tumboni kote hakionekani, na ndani kuna gurudumu lenye mifereji, risasi kumi zimekaa kila moja kwenye mfereji wake zinazunguka. Ni bobini! Bobini ndani ya kikombe chake, ila badala ya uzi ni risasi. Kumi za .22, ndio jina lake 10/22. Shemeji akaangalia akasema sawa shemeji, wali unapoa.

Uzito ni kama kilo mbili na robo, mtutu sentimita 47. Mtoto wa sekondari ataibeba siku nzima asichoke. Mateke haina, yaani wewe uliyezoea SAR utadhani haijalia.

Sasa mabaya, maana sifa tupu ni tangazo. Triga inayokuja nayo ni nzito, zaidi ya paundi tano, karibu kilo mbili na nusu za kuvuta kwa kidole, kwa bunduki nyepesi hivi ukivuta kwa nguvu unaivuta nzima na risasi inakwenda kando. Watu wengi wanabadilisha, yenyewe kampuni inauza kundi la triga jingine linaloitwa BX lenye uzito wa nusu ya hapo, lilikuwa chini ya dola mia, unatoa pini mbili unaingiza hilo unarudisha. Hapo ndio mdogo wangu alipopata hamu yake ya kuunga, nikamwachia afanye mwenyewe, dakika kumi, akatoka jasho kama amefanya injini. La pili, nyuma ya mwili wa bunduki hakuna tundu, kwa hiyo fimbo ya kusafishia inabidi uiingize kwa mbele, kwenye mdomo wa mtutu, na mdomo ndio mahali ambapo hutaki kukwaruza hata kidogo maana ndipo risasi inapoaga. Mimi nilimtafutia kamba ya kuvuta badala ya fimbo, unaingiza kutoka ndani unavuta kuelekea nje. La tatu, kile chuma cha kulengea kule mbele kina kishanga kidogo cha dhahabu, kwa macho yangu ya miaka hamsini na kitu kile kishanga kilikuwa ni uvumi. Tukafunga darubini ya kawaida inayokuza mara tatu mpaka tisa, mwili wa juu una matundu tayari.

Renji sasa, uwanja wa shabaha. Tulikwenda Jumamosi asubuhi, nje kidogo ya mji, kila mtu na viziba masikio na miwani, hata kama ni .22, usijitie mwamba. Boksi la kwanza la risasi mdogo wangu alinunua za bei poa kuliko zote, za kumwagwa mia tano kwenye boksi, sitataja ni za nani, na ndani ya zile mia ya kwanza zikakwama kama sita, ganda linashindwa kutoka linasimama wima mlangoni kama bomba la moshi. Wiki iliyofuata tukabadilisha risasi, zenye kasi kidogo na zilizopakwa shaba, tukapiga mia mbili ikakwama moja tu na hiyo naidhani ni uchafu wetu. Kwa hiyo kabla hujailaumu bunduki badilisha chakula. Vyerehani hivyo hivyo, mtu analeta mashine ananiambia mbovu, kumbe kanunua uzi wa mia mbili.

Lakini kile kilichotokea kwenye ganda la tatu kukwama ndicho nataka mkisome vizuri. Imekwama, mdogo wangu akageuka. Akageuka mzima mzima na bunduki mkononi kuniuliza "kaka mbona hii", mtutu ukapita kwenye tumbo langu na kwa mama mmoja wa meza ya pili. Yule msimamizi wa renji sauti aliyoitoa nadhani walisikia Chumbageni. Renji nzima ikasimama, tukawekwa pembeni kama watoto wa madrasa, tukasomeshwa. Na alikuwa na haki. Semi otomatiki ndio tabu yake hiyo kwa anayeanza, ukishapiga moja yenyewe imeshajipakia nyingine, haikuombi ruhusa. Bunduki ya bolti ya mkono au gobore ukishapiga umepiga, mpaka utake tena. Hii kila saa iko tayari, na ikikwama hujui kama chemba, pale risasi inapokaa tayari kulipuka, ina risasi au haina. Mtutu unabaki mbele, kidole nje ya triga, unachomoa magazini kwanza, ndio unavuta bolti unaangalia na jicho lako. Sefti ni kitufe kando mbele ya triga, ukiona duara jekundu ujue iko tayari kulia, lakini sefti ni chuma tu na chuma kinaharibika, nawaambia mimi ninayeishi kwa vyuma kuharibika. Mdogo wangu siku ile mikono ilimtetemeka mpaka tulipofika kwenye gari. Toka hapo sijamwona akigeuka tena.

Kwa shabaha, wiki ya nne hivi, yadi hamsini, anaegemeza kwenye mfuko wa mchanga, risasi tano zinakaa ndani ya kisoda cha soda. Mimi zangu zilikaa ndani ya sahani. Basi.

Kuwinda sasa, maana ndilo nusu ya ombi lake. Hapa pana mtego wa wengi. Kwa Texas huruhusiwi kumwinda yule swala wao wa mkia mweupe kwa .22 hii, wala kwa risasi yoyote ya aina hiyo ambayo kiwashio chake kimewekwa ukingoni mwa kitako cha ganda, sheria inataka ile yenye kiwashio katikati, na ina mantiki maana risasi ya gramu mbili na nusu itamjeruhi tu akafie vichakani. Kwa hiyo ukinunua 10/22 umenunua bunduki ya sungura na kindi. Mdogo wangu alinuna kidogo. Nguruwe pori wamejaa kule wanaharibu mashamba mpaka wenye ranchi wanakubembeleza uje upige, lakini hao sisi hawatuhusu, rafiki yake wa kazini akatucheka sana, nyie mnakataa nyama ya bure?

Sungura kule hawana msimu wa kufungwa. Rafiki huyo huyo akatuombea ruhusa kwa mwenye ranchi, maana ardhi ya Texas karibu yote ni ya watu binafsi, usijiendee endee. Tukaingia alasiri, jua linashuka, nyasi za rangi ya mkate. Mdogo wangu akasema bismillahi akavuta, yadi kama thelathini, risasi moja. Nikakimbia na kisu kama kijana nikamuwahi bado ana uhai nikachinja. Risasi tisa zikabaki kwenye ile bobini na hakuna aliyezihitaji, na mimi pale pale nikajiuliza basi hiyo semi otomatiki tumeilipia ya nini. Kweli kabisa, kwa kuwinda sioni faida yake kubwa, faida yake iko kwenye shabaha, unapiga nyingi bila kuhamisha shavu kwenye kitako, mkono unajifunza haraka. Shemeji alimpika na nazi ya kopo. Nazi ya kopo sio nazi, lakini tulikula.

Sasa vijana wa hapa nyumbani, Muheza na Pongwe na Handeni, mnaoniuliza inaweza kuja. Kwanza semi otomatiki kwa uwindaji Tanzania hairuhusiwi, sheria ya wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda na bunduki inayojipakia yenyewe, hata wageni wanaokuja na mamilioni yao kuwinda wanaambiwa waziache kwao waje na za bolti. Halafu mnyama mkubwa kama nyati wanataka kaliba, yaani unene wa risasi, isiyopungua .375, hii .22 nyati atadhani ni mbung'o. Umiliki wenyewe uko chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015 na leseni ni ya polisi, hakuna cha mjomba wangu yuko bandarini. Mwenye shamba anayesumbuliwa na nyani na ngedere aende kwa maofisa wanyamapori, na akiomba silaha, kwa shamba la machungwa inayofaa ni ya kupakia kwa mkono, shotigani au raifo ya bolti. Wale wa gobore za kutengenezwa uani kule milimani, hizo nawaachia nyie na Mungu wenu, mtutu wa bomba la maji hauna udugu na mtu.

Kwa wale ndugu zangu mlio kule na karatasi zenu ziko sawa, hii naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata, nusu kwa sababu ya kusafishia kwa mbele, na nusu kwa ajili ya triga. Ongezeni bajeti ya risasi, kabati la kufungia, na masaa kadhaa na mwalimu kabla ya darubini ya gharama.

Jana usiku mdogo wangu kanitumia picha, karatasi ya shabaha, matundu matano yamegusana. Chini kaandika kaka sasa naruhusiwa AR? Sijamjibu bado, nina Butterfly ya mama mmoja wa Makorora hapa inaruka mishono, nikiimaliza nitamjibu.